Zuhura Mlangoni mwa Kanisa

Euphrasia Nekesa hakuwa mtu mbaya, na hilo ndilo linalonikera zaidi. Angekuwa mbaya ningeshamsahau. Lakini alikuwa mwanamke mchapa kazi, mwenye huruma, aliyeishi miaka sita Jidda kwa jina la Zuhura na kwa dini isiyokuwa yake. Siku aliyojulikana alikuwa ndani ya kanisa la kale huko mashambani Uingereza, mbele ya madam wake, ameshika shali.

Mimi ni Saumu, mtu wa Likoni. Nafanya kazi Riyadh, mtaa wa Al-Naseem, kwa madam Nawal. Euphrasia alikuwa kwa mdogo wake Nawal, madam Abiri, mtaa wa Al-Safa kule Jidda. Mabosi wakiwa ndugu, sisi wa jikoni nasi huwa ndugu, tutake tusitake. Kila Idi madam aliponipeleka Jidda tulilala chumba kimoja, tukapika sufuria moja na kuwasengenya watu walewale.

Idi ya kwanza tu nilimshika. Alfajiri aliingia bafuni kutawadha, nami nimesimama mlangoni nangoja zamu. Akaanza na miguu. Akaja usoni, akarudi kwenye miguu tena, kisha akasukutua mdomo kama mtu aliyemaliza kula.

"We dada," nikamwambia, "huko kwenu mwatawadha kinyumenyume?"

Alicheka. Halafu akaona sicheki, akafunga mlango na kuanza kulia.

"Usiniseme, Saumu. Aki ya Mungu usiniseme."

Akanieleza akiwa ameketi kwenye ukingo wa beseni. Kwao ni Bungoma, na wao ni Wakatoliki tangu babu. Yeye mwenyewe alikuwa akiimba kwaya. Alipotafuta kazi ya Uarabuni, broka mmoja wa Nairobi alimwambia Wakristo hungoja sana, ila Waislamu huondoka upesi, hasa kwa nyumba yenye mgonjwa mzee inayotaka mtu wa dini moja nao. Basi broka akamtengenezea karatasi za jina jipya. Akamfunza salamu, bismillahi na jinsi ya kufunga mtandio, yote kwa alasiri moja, katika ofisi iliyo juu ya bucha. Jidda akapewa ikama, kile kibali cha kuishi, imeandikwa kuwa ni Mwislamu, na mchezo ukaanza. Broka yule alikula chake, na nasikia hadi leo yupo juu ya bucha ileile.

Nilikasirika, wala sifichi. Dini si leso, uifunge leo kesho uifue uianike. Nilitaka kwenda kumwambia madam Nawal saa ileile. Kisha nikawaza: karatasi za kughushi, polisi, jela, na huyu mjinga ana watoto wawili kwa mama yake. Nikasema moyoni, mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, kumbe leo nimetwikwa mimi na wanielemea. Nikamwambia:

"Kama utadanganya, danganya kwa adabu. Nitakufunza udhu na sala, usiwatie watu aibu. Lakini Makka huendi. Hilo si la kuchezewa. Ukienda Makka, wallahi nakusema mimi mwenyewe."

Akakubali. Ijumaa iliyofuata nikaenda soko la Batha, nikamnunulia msala wa bei rahisi na kitabu cha sala cha watoto, kile chenye picha. Nikampelekea Jidda kwa dereva wa madam.

Na ahadi ya Makka aliishika. Jidda na Makka ni pua na mdomo, na madam Abiri ni mtu wa Umra. Kila aliposema "Yalla, Zuhura, tayarisha nguo," Zuhura alikuwa na hedhi. Safari ya kwanza hedhi, ya pili hedhi, ya tano hedhi. Madam Abiri akahuzunika, akaamini mtoto wa watu ana ugonjwa wa kizazi, akampeleka hospitali kupimwa na kupewa vidonge. Euphrasia alinipigia simu akiwa kwenye foleni ya daktari, nami nilicheka hadi nikaunguza wali. Tulikuwa tunacheka wakati huo.

Kazi yake hasa ilikuwa Hajja, mama mzazi wa hao madam wawili, ambaye hakuwa akitoka kitandani. Euphrasia alimwogesha, akamgeuza, akamlisha uji kwa kijiko, akamsuka nywele zake chache. Hajja alikuwa mkali. Alishafukuza Mfilipino mmoja na Muethiopia mmoja kwa kuwarushia vyombo. Kwa Euphrasia alinyamaza. Alimwita "binti yangu", na bibi wa Kihijazi hamgawii neno hilo kila mtu. Mimi nilimwona Hajja akimtafuta kwa macho chumba kizima huku mabinti zake wa kuzaa wamekaa mbele yake.

Sasa nitasema la siku aliyokufa Hajja, kwa kuwa ndilo lililobeba yote yaliyofuata. Ilikuwa alasiri. Madam Abiri alikuwa ameenda kuwachukua watoto shule, baba wa nyumba yuko kazini, na pale nyumbani palikuwa na Euphrasia na Hajja peke yao. Simu yangu ikalia, mimi nakata vitunguu.

"Saumu, Hajja anaenda."

"Anaenda wapi?"

"Anaenda, Saumu! Pumzi imebadilika. Madam hashiki simu. Nifanye nini?"

Nikaacha kisu. Kila Mwislamu anajua la kufanya hapo: aliye karibu na anayekata roho humtamkisha shahada, ili liwe neno lake la mwisho duniani. Watu huomba umri mzima wajaliwe hilo. Na aliyekuwa karibu na Hajja alikuwa Euphrasia wa kwaya ya Bungoma.

"Mshike mkono," nikamwambia. "Mwinamie sikioni. Mwambie polepole, usimkimbize: La ilaha illa Allah. Akisema mara moja, nyamaza, usimchoshe."

"Nikikosea?"

"Hutakosea. Sema nami."

Nikasema, akasema. Maneno yalitoka sawasawa. Kisha nikasikia, na haya nimeyasikia kwa masikio yangu mawili, sauti ya Hajja, nyembamba, ikikamata maneno yale moja moja mpaka mwisho. Halafu kimya. Halafu Euphrasia akaanza kulia kilio cha kwao cha Bungoma, kile cha juu kabisa, nikamwambia anyamaze asije akaharibu.

Kwenye matanga madam Abiri alimweleza kila aliyekuja: Zuhura ndiye aliyemtamkisha mama shahada, na mama akaitamka. Wanawake wakainuka mmoja mmoja kumbusu Zuhura kichwani. Akakimbilia chooni kunipigia.

"Wananibusu kichwa, Saumu. Nifanye nini?"

"Nyamaza ubusiwe."

Kuanzia hapo nyumba ile ilibadilika kwake. Madam Abiri hakuweza kujisamehe kwamba hakuwapo siku ile, na kitu pekee kilichompoza ni Zuhura. Alikuwa akimwita jikoni au sebuleni, anamkalisha karibu naye, anamwambia, "Nisimulie tena." Zuhura anasimulia tena: mkono, sikio, neno, pumzi. Madam analia, anafuta macho, anasema alhamdulillahi, kisha wanaendelea na siku yao. Walikula sinia moja. Mimi nilimwonea wivu, na papo hapo nilimwogopea. Siku moja nilimwambia:

"Maliza mkataba wako uende zako kwa amani."

"Mwaka mmoja tu nimalizie," akasema. "Lakini Saumu, wewe hujui. Mama yangu alikufa, akazikwa, mimi nikiwa hapa napiga pasi. Hata misa sijamwombea. Nataka tu nikae ndani ya kanisa, dakika tano. Nikae tu."

"Utakaa ukirudi kwenu. Kanisa la Bungoma halina miguu."

Kiangazi kikaja, joto la kuchemsha yai barabarani, na familia ya Al-Safa ikaenda Uingereza. Hawakukaa London. Baba wa nyumba ni mhandisi. Kazi yake ni kukarabati zile nyumba za kale za mawe ya matumbawe za Jidda, na ana uchu wa majengo makuukuu. Akakodi nyumba ya shamba, mbali huko, kwenye kijiji cha kondoo na mvua. Siku ya pili tu Euphrasia akanipigia. Alikuwa ananong'ona, lakini kwa furaha.

"Saumu, kanisa liko hapo! Naliona nikiosha vyombo. La mawe, la zamani sana, na makaburi yote yamelala upande. Kengele yake nimeisikia!"

"Liangalie dirishani," nikasema. "Usilisogelee."

"Hata nje tu?"

"Hata nje. Euphrasia, wanisikia? Umebakisha miezi michache. Usijichongee."

Na wallahi hakulisogelea. Ni wao waliompeleka. Baba wa nyumba alisikia kanisa lile lina miaka mia nane, na paa lake la mbao ni lile la zamani. Alitaka kuona jinsi walivyounganisha boriti bila misumari. Asubuhi moja akawakusanya wote, twendeni. Wakavuka mlango wa uani wenye kijipaa chake, wakapita kati ya makaburi yaliyoota ukungu. Madam Abiri akamgeukia Zuhura na kumwambia maneno ya upole, ambayo Euphrasia alinirudia neno kwa neno:

"Ukiona moyo wako hautaki kuingia humo, kaa hapa nje na mikoba. Hapana lazima. Najua wewe ni mtu wa dini."

Nikisikia maneno hayo mpaka leo nataka kumpiga mtu, sijui nani. Mwanamke huyo alikuwa akimhurumia! Yeye na mume wake na watoto waliingia kanisani kutembea na kupiga picha, na yule aliyekuwa na njaa ya kanisa miaka sita akabaki nje na mikoba, kwa heshima ya Uislamu wake. Euphrasia akakaa juu ya ukuta mfupi kando ya makaburi. Akasema alikuwa sawa. Alijiambia kwamba yuko uani mwa kanisa, na uani nako ni kanisani. Akamwombea mama yake hapo, mikono imetulia mapajani, midomo haitikisiki. Angeishia hapo, leo nisingekuwa na hadithi.

Lakini ndani ya kanisa lile mna baridi ya kisima, na madam Abiri ni mtu wa Jidda. Sauti yake ikatoka mlangoni:

"Zuhura! Niletee shali langu!"

Akachukua shali, akakimbia, kama anavyokimbia siku zote akiitwa. Akapita kibaraza cha mawe. Mlango ule, anasema, ulikuwa mnene kama ubavu wa ng'ombe, umejaa vyuma vyeusi. Akavuka kizingiti. Harufu ikampiga: nta, vitabu vya unyevu, maua yanayoanza kuoza. Hakuwaza kitu chochote. Kuliani, ukutani, kimo cha kiuno, palikuwa na bakuli la mawe, mdomo wake umemeguka. Parokiani kwao Bungoma bakuli la maji ya baraka lipo palepale, kuliani, kimo kilekile. Alichovya vidole humo kila Jumapili tangu hajafika kimo chake, mama yake anamnyanyua.

Mkono ukaenda wenyewe. Vidole vikaingia ndani ya bakuli, havikukuta maji. Vilikuta vumbi na buibui aliyekauka. Lile kanisa lilishatoka kwa Wakatoliki zamani, na bakuli lile halijatiwa maji ya baraka karne na karne. Mkono haukujali. Ukapanda kwenye paji la uso, ukashuka kifuani, bega la kushoto, bega la kulia. Na goti nalo likapigwa mpaka chini, kuelekea altare, shali la madam likiburutika sakafuni.

Alipoinua macho, madam Abiri alikuwa amesimama hatua chache mbele yake, amenyoosha mkono kupokea shali.

Madam Abiri alishakaa na Wafilipino wa Kikatoliki, ishara ya msalaba anaijua. Hakuhitaji kuelezwa. Euphrasia anasema madam hakupiga kelele, na angepiga ingekuwa nafuu. Alichukua shali, akajifunika, akaketi kwenye benchi la nyuma. Baba wa nyumba alikuwa mbele kule, kichwa juu, anawaonyesha watoto boriti. Madam akamwashiria Zuhura aje. Kisha akamuuliza. Hakumuuliza jina lake, wala alitoka wapi, wala kwa nini alidanganya. Aliuliza:

"Mama yangu. Siku ile. Ulimwambia nini?"

"Nilimtamkisha shahada, madam."

"Wewe?"

"Mimi. Na yeye akasema. Wallahi akasema."

"Usiape," madam akasema. "Usiniapie kwa jina Lake."

"Madam, jina nilidanganya. Dini nilidanganya. Hilo sikudanganya."

Madam Abiri akamtazama. Ni hapo, Euphrasia ananiambia, alipoona kitu kinamtoka yule mama usoni, kile kilichokuwa kikimpoza tangu matanga, na hakuwa na njia ya kukirudisha. Akajaribu kumshika mkono. Madam akauondoa, akautia ndani ya shali.

"Nenda ukakae nje," akasema.

Hawakumtia polisi. Baba wa nyumba alitaka, kwa sababu kafili, mdhamini wa kazi yake, ni yeye na karatasi zile zingemwingiza matatani, lakini madam Abiri akasema hataki kesi, anataka asimwone tena. Waliporudi Jidda baba wa nyumba akamaliza karatasi za kuondoka, halas, Euphrasia akapandishwa ndege. Hakuagana na watoto aliowalea. Sasa yuko Bungoma, kanisa liko karibu naye, anakaa humo dakika tano, anakaa saa tano, apendavyo. Nilimuuliza kama amepata alichokitaka. Akasema akipiga magoti anamwona Hajja.

Njia ya mwongo ni fupi, husema watu. Miaka sita si fupi. Kama ingekuwa fupi, angefukuzwa mwezi wa kwanza, akarudi kwao na hasara yake ndogo, na bibi wa watu akatamkishwa na mwingine. Ubaya wake ni kwamba ilikuwa ndefu hata ukweli ukapata nafasi ya kuota ndani yake. Uongo ulipong'olewa, na ukweli ukang'oka nao. Namlaumu broka, namlaumu Euphrasia, na kuna siku namlaumu hata madam Abiri, kwamba miaka yote hiyo ya kijiko cha uji haikumtosha kuwa ushahidi.

Kila wiki Euphrasia alinitumia ujumbe wa sauti. Hakuulizia mabegi yake yaliyobaki Jidda. Alisema lilelile: "Saumu, wewe ulisikia. Mwambie madam wewe ulisikia. Sio kwa ajili yangu, ni kwa ajili ya Hajja. Ni haki yake."

Mimi nilikuwa nikikwepa. Nikimwambia madam Abiri nilisikia, ataniuliza nilisikiaje. Nikisema kwa simu, ataniuliza kwa nini Mwislamu alihitaji kupigia mtu Riyadh aelezwe shahada. Na mimi nina kazi yangu hapa, na watu wanaonitegemea Likoni.

Baridi ilipoingia, madam Abiri akaja Riyadh kwa dada yake. Amekonda. Siku ya tatu aliingia jikoni, nikiwa peke yangu natengeneza kahawa, akavuta kiti na kukaa. Hajawahi kukaa jikoni kwetu.

"Wewe ulikuwa rafiki yake," akasema. "Niambie kweli. Alimtamkisha au hakumtamkisha?"

Nikazima jiko. Niliona macho yake, nikaona siwezi tena. Nikamweleza yote: simu, vitunguu, nilivyosema na Euphrasia akafuatisha, sauti ya Hajja ilivyokamata neno moja moja mpaka mwisho. Nikamwambia, "Madam, mama yako aliondoka na shahada mdomoni. Mimi ni shahidi."

Alinisikiliza mpaka mwisho. Kwa muda kidogo uso wake ulilegea, nikadhani ataniamini. Kisha nikaona anahesabu upya maneno yangu, mpaka akafika pale nilipokuwa nikiogopa afike.

"Kwa hiyo ulijua," akasema. "Miaka yote. Ulinipa pole ya mama yangu na unajua."

"Nilijua, madam."

"Mwongo ananiambia alitamka, na aliyemficha mwongo ananiambia alisikia." Akasimama. "Na wewe? Jina lako hasa ni nani?"

Nimezaliwa Likoni mwezi wa Ramadhani, ndipo marehemu baba akaniita Saumu. Babu yangu alikuwa muadhini. Nimekhitimu msahafu kabla sijavunja ungo. Nilimwambia hayo yote, Kiarabu changu kikinikatika kwa hasira, na kadiri nilivyosema ndivyo nilivyojisikia kama mtu aliyekaririshwa juu ya bucha. Madam Abiri akatikisa kichwa taratibu, akatoka, akaiacha kahawa.

Tangu niingie nyumba hii, mimi na madam Nawal husali magharibi pamoja sebuleni, yeye mbele na mimi nyuma yake kidogo. Jioni ile adhana ilipolia nilitawadha, nikaja na msala wangu. Madam Nawal alikuwa ameshauchukua wake. Aliingia nao chumbani, na nikamsikia akifunga mlango kwa ufunguo.